Kutoka Mlangoni mwa Kasri

Jumapili, 4 Machi

Mume wangu kipenzi,

Kabla ya salamu niache niliandike neno hilo tena. Mume wangu. Mume wangu. Kalamu haichoki na mimi sichoki. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alikuwa akinikata maksi kwa kurudia maneno, lakini yeye hakuwa amekuona wewe umevaa suti.

Leo ni siku ya ishirini tangu uondoke, na ulipoondoka tulikuwa na siku kumi na sita za ndoa. Kwa hiyo umekuwa mbali nami kwa muda mrefu kuliko ulivyokuwa karibu nami. Nilimpa mama yako hesabu hiyo, akanitazama akasema, "Mwanangu, ndoa ni miaka, si hesabu za shule. Menya viazi." Nikamenya viazi. Nikamenya vya watu watatu, tukala wawili.

Mama ni mwema kwangu. Anasema tangu nije nyumba imekuwa kama imemeza redio. Lakini yeye hulala mapema, na chumba chetu ni kikubwa kwa mtu mmoja. Nalala upande wangu tu. Upande wako nautandika kila asubuhi ingawa hakuna aliyeukunja, nauambia mto wako, "Na wewe umeamkaje?" Usicheke. Au cheka, mradi ucheke ukinifikiria.

Baba yangu ndiye kichekesho. Si unakumbuka alivyokukunjia uso siku ya posa mpaka ulipotoa ile barua ya kuajiriwa kasrini? Sasa kila anayeingia dukani kwake anaambiwa, "Mkwe wangu ndiye anayetengeneza dari ya mfalme." Jana kinyozi akamuuliza, "Mfalme yupi, mzee? Si walikwisha zamani?" Baba akamjibu, "Wafalme wamekwisha. Dari ipo."

Niandikie, mpenzi. Nieleze kasri chumba kwa chumba. Kidato cha pili tulikuwa na picha yake kwenye kitabu cha historia, ndogo kama stempu, nami niliitazama mpaka ukurasa ukachakaa. Nilijuaje kwamba nitaolewa na mikono itakayoitengeneza? Usijaribu kupiga simu ya posta. Pale ukisema "nakupenda" foleni nzima inaitikia.

Mkeo,
Bibi Arusi


Jumatano, 14 Machi

Bibi Arusi wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo inataka kukatika. Mimi si mtu wa maneno kama wewe, lakini umeomba chumba kwa chumba, basi.

Ukiingia kuna ukumbi wa nguzo arobaini, kila nguzo imechongwa kutoka jiwe moja. Kutoka hapo kuna ngazi mbili zilizosokotana kama kamba. Wewe ukipanda hii na mimi nikishuka ile, kila mmoja atasikia hatua za mwenzake lakini hatutakutana. Wanasema mfalme alizijenga hivyo ili asionane na wadai wake. Juu kuna chumba cha mnong'ono. Ukisimama kona moja ukaelekea ukutani na kunong'ona, aliye kona ya pili anakusikia kama umeweka mdomo sikioni mwake. Halafu ndiyo ukumbi wa kiti cha enzi wenye dari yangu. Ina maua ya jasi mia tatu, hakuna ua linalofanana na jingine, na katikati ya kila ua kuna rangi ya buluu kama anga baada ya mvua.

Kazi si mbaya. Wageni wanaanza kuingia saa tatu asubuhi. Ungeona viatu vya watu. Jana alikuja bwana mkubwa, suti na tai, kumbe kiatu cha kushoto kimeshikiliwa na waya. Nikajisemea, kila mtu ana lake la kuficha.

Sisi mafundi tunakaa nyuma ya bustani, kila mmoja na nyumba yake ndogo. Msalimie mama. Mwambie anachemsha maji mengi mno kwa watu wawili, najua hajabadilika.

Mumeo,
Fundi


Jumapili, 25 Machi

Fundi wangu, dari yangu, nguzo yangu ya arobaini na moja,

Barua yako imesomwa na mtaa mzima. Nimemsomea mama, nimemsomea fundi cherehani wa jirani, na baba aliichukua akaisoma dukani kwa sauti akiruka pale uliponiita Bibi Arusi wako. Fundi cherehani aliposikia habari za zile ngazi mbili akasema, "Ngazi za hivyo ningezihitaji mimi na mama mwenye nyumba."

Ila nina swali. Wewe uko juu ya jukwaa, karibu na dari, na unaona waya kwenye kiatu cha mtu? Nimeolewa na mwewe.

Sasa nisikilize vizuri. Ulisema una nyumba nyuma ya bustani. Hata kama ni ndogo, mimi si mnene. Nitaleta sufuria mbili, shuka, na ile picha yetu ambayo wewe umefumba macho. Wewe ukipanda kwenye jukwaa mimi nitafagia, na jioni utaniingiza ndani, utanisimamisha kona ile ya mnong'ono na wewe utasimama nyingine. Najua nitakachokuambia. Sitakiandika hapa kwa sababu baba anasoma barua.

Jana nilitenga sahani tatu tena. Mama aliitoa ya tatu polepole kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Niambie nije lini. Sema neno moja tu, Jumatatu au Ijumaa, nami nitakuwa kituoni.

Mkeo anayekusubiri kwa miguu miwili,
Bibi Arusi


Alhamisi, 5 Aprili

Mke wangu,

Usije kwa sasa. Mhandisi mkuu haruhusu wake wa mafundi kuingia humu. Isitoshe vumbi la jasi ni baya kwa kifua, na nyumba yenyewe bado inavuja. Subiri kidogo. Najua utaniuliza kidogo ndiyo kiasi gani. Sijui.

Nakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika.

Mumeo


Jumatatu, 23 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii ukiisoma ichane. Tena ukikutana na mama mkwe wangu sokoni, mimi Jumamosi nilikuwa kwako. Nililala kwako, nikala kwako, na ulinipa salamu zake.

Nilikwenda kasrini. Alisema nisije, lakini wewe unanijua, toka utoto nikiambiwa sufuria ni ya moto ndiyo nagusa. Nilitaka nimshtue. Nilinunua viatu vyeusi vya kufunga na kitambaa kipya cha kichwa, nikapanda basi la alfajiri, na njia nzima nilikuwa natabasamu dirishani kama mwehu. Saa nne nilikuwa kwenye foleni. Nilipanga niingie kama mgeni, nifike chini ya jukwaa lake, nimwite.

Dada, pale mlangoni wageni hawaruhusiwi kukanyaga sakafu na viatu vitupu. Kila mtu anavalishwa vifuko vya kitambaa juu ya viatu, vinafungwa kwa kamba nyuma ya kifundo cha mguu. Kuna mtu kazi yake ni hiyo. Anapiga magoti chini, kikapu cha vifuko pembeni, unaweka mguu, anafunga, unaweka wa pili, anafunga, anakuja mwingine. Ana koti la kijivu. Nilikuwa mtu wa nne nilipoona kisogo chake. Dada, una mume, unajua kisogo cha mumeo hakikosewi.

Nilisimama. Nikawa wa tatu, wa pili. Mwongozaji wa wageni, kijana mwenye kipaza sauti, akamwambia, "We mzee, kaza mikono, kundi la saa nne linangoja." Mzee! Ana miaka ishirini na tisa. Naye akajibu, "Samahani, bosi."

Nikaweka mguu wangu. Akaufunga. Nikaweka wa pili. Akasema, akiviambia viatu vyangu, "Karibu kasrini. Tafadhali usiguse kuta." Hakuinua uso. Nilinyamaza kwa ajili yake, dada. Ningemwita pale, mbele ya watu wote wale na yule mwenye kipaza sauti, ningemvunja.

Nikaingia ndani peke yangu.

Kasri ni zuri, sitasema uongo. Nguzo zinang'aa mpaka unajiona. Kwenye zile ngazi nilisikia mtu anapanda upande wa pili, nikasimama, naye akasimama. Chumba cha mnong'ono mwongozaji akasema tusimame wawili wawili, kisha akauliza, "Nani hana mwenzake?" Nikanyoosha mkono. Mzee mmoja mwenye mkongojo naye akanyoosha. Tukapelekwa kila mtu kwenye kona yake. Nikageukia ukuta nikanong'ona jina la mume wangu. Halafu nikasikia sikioni, taratibu kabisa, "Si mimi, mwanangu."

Dari haina jukwaa. Haina fundi. Mwongozaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba maua yana buluu ya anga baada ya mvua, maneno yaleyale niliyoandikiwa, lakini ukiinua macho ni kijivu tupu, rangi imekufa zamani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mume wangu hajawahi kuiona. Anasikia kutoka mlangoni. Nikamuuliza mwongozaji kuhusu ukarabati, akasema mafundi waliletwa mwezi wa pili, wakakaa siku tatu, kazi ikafungwa, wakaondoka wote.

Mlango wa kutokea ni mwingine, upande wa bustani, kwa hiyo sikumwona tena. Hakuna nyumba ndogo huko. Kuna stoo moja yenye vitanda vinne, mlango uko wazi, na kwenye kamba kuna mashati manne. Moja nililipiga pasi mimi siku anaondoka.

Nifanye nini?

Mdogo wako


Jumatatu, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua sijaichana, nimeificha kwenye begi langu la kazi chini ya glavu. Mkunga hapekuliwi.

Mama mkwe wako nilikutana naye Alhamisi. Nikamwambia ulikuwa kwangu na ulirudi mapema kwa sababu tumbo lilikusumbua. Hilo la tumbo sijui lilitoka wapi, uongo ukianza hauombi ruhusa. Sasa anaamini una mimba na ananunua sufu ya kufumia nguo za mtoto. Shughulika naye.

Kuhusu shemeji, nilikasirika mpaka nikavunja kikombe. Kisha nikakaa, nikajiuliza amefanya nini hasa. Hajaiba, hajaoa mke mwingine, kila siku anapiga magoti kuanzia saa tatu. Aliyemfunga mdomo ni baba yetu na duka lake, na wewe na hizo barua zako za nguzo ya arobaini na moja. Mtu akipandishwa juu hivyo atashukaje? Pa kukanyaga hana.

Lakini mdogo wangu, nimezalisha wanawake wengi, najua mtu anaponiambia sehemu tu ya anachokisikia. Mkono wake ulikuwa kwenye mguu wako. Unasema ulinyamaza kwa ajili yake. Haya. Ungeinama ukamwita kwa sauti ndogo, yule mwenye kipaza sauti asingesikia. Mbona hukuinama?

Dada yako


Jumapili, 6 Mei

Mume wangu,

Natumaini u mzima. Mwezi umepita bila barua yako, wala mimi sijakuandikia, basi tumelingana.

Mama hajambo. Amekuwa ananipa maziwa kila asubuhi, ni hadithi ndefu. Baba hajambo, amebandika ukutani dukani picha ya kasri aliyoikata gazetini.

Mke wa mwalimu mkuu alikwenda huko kutembea. Anasema mlangoni kuna mtu anayewafunga wageni vifuko miguuni, na kwamba anafunga vizuri, ukumbi mzima mpaka mwisho kamba hazikulegea. Je, unamfahamu? Ni mtu wa namna gani? Niandikie habari zake. Chochote utakachoandika nitakisoma peke yangu, sitampa baba.

Mkeo


Jumatano, 16 Mei

Mke wangu,

Umeuliza habari za yule mtu wa mlangoni. Namfahamu.

Ni mtu wa kawaida. Alikuja hapa akiwa fundi wa jasi, ana mwiko wake na barua yake. Siku ya tatu kazi ikafungwa. Wenzake walipanda gari wakarudi makwao, yeye akabaki kituoni na begi. Alikuwa ametoka kuoa. Mkwewe alikuwa ameshatangaza mji mzima. Akafikiria atashuka vipi kwenye basi mchana kweupe, watu wamemsindikiza juzi kwa vigelegele. Akarudi getini akauliza kama kuna kazi yoyote. Wakampa kikapu.

Sasa anawajua watu kwa viatu. Anajua nani ana haraka, nani amegombana na mwenzake njiani. Ndani hajaingia hata mara moja, kwa sababu magoti yake huwa na vumbi na sakafu ni ya thamani. Yanayosemwa kwenye kipaza sauti ameyashika yote kwa moyo. Kuna siku kwenye foleni alisikia jambo, na tangu hapo hazungumzi sana, hata na wale anaolala nao chumba kimoja.

Nilimuuliza kwa nini hamwambii mkewe. Akasema mkewe anampenda fundi wa kasri, anamwandikia barua nzuri sana. Hajui kama kuna barua za mfunga vifuko.

Mimi sijambo. Dari inaendelea vizuri.

Mumeo


Jumapili, 27 Mei

Kwa mtu wa mlangoni,

Nakuandikia wewe. Huyo mwingine wa dari mwache juu huko, amenichosha.

Nilikuja. Jumamosi ile, tarehe ishirini na moja ya Aprili, kundi la saa nne, viatu vyeusi vya kufunga, mguu wa kulia kwanza. Ulinikaribisha kasrini na kuniambia nisiguse kuta. Sikugusa. Nimeona kila kitu na nimejua kila kitu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikungoja uniambie, kana kwamba mwongo ni wewe peke yako.

Nilimwandikia dada kwamba nilinyamaza ili nisikuaibishe. Nikayaamini maneno yangu wiki nzima. Dada akaniuliza swali moja, nikakaa nalo siku nyingi jikoni, na jibu ni baya, lakini ni lako.

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na mama mmoja, mkoba mwekundu, manukato, mwenye kuongea. Tangu kituoni nilikuwa nimemsimulia kwamba mume wangu ndiye fundi wa dari. Alinisifu njia nzima. Nilipoweka mguu wa pili mbele yako nilikuwa nimekukazia macho, naye akauliza, "Vipi, mnajuana na huyu?"

Nikasema, "Hapana, simfahamu." Tena nikacheka kidogo.

Hilo ndilo nililofanya. Hukusikia, nadhani, foleni ilikuwa na kelele, lakini mimi nilisikia. Ulikuwa umeshika mguu wangu na nikakukana. Nami ni mtu wa kuandika "mume wangu" mara tatu kwenye mstari mmoja. Mahali palipokuwa na mtu wa kunisikia, sikuweza hata mara moja.

Umeniuliza, kupitia kwa huyo wa dari, kama kuna barua za mfunga vifuko. Hii hapa. Si nzuri kama zile. Baba nimemwambia. Aliibandua picha, akaitazama, akaibandika tena. Akasema, "Basi yuko palepale kasrini." Mama yako nimemwambia vyote viwili, kwamba hakuna dari na hakuna mimba. Cha pili ndicho kilichomliza.

Jumamosi tarehe tisa ya Juni nitakuja na basi lilelile. Nitapanga foleni kama watu. Nikifika mbele yako nitakuita kwa jina lako na nitasema wewe ni nani kwangu, na wa mwisho kwenye foleni atasikia. Kama hutaki, siku hiyo omba ruhusa usiwepo. Nikikuta mtu mwingine kwenye kikapu nitaelewa, nitarudi, na sitakuuliza.

Mkeo


Jumatatu, 4 Juni

Mke wangu,

Nilisikia.

Sikukujua kwa viatu, vilikuwa vipya. Nilikujua kwa sauti, kabla hujamaliza kusema hapana. Kamba ya pili niliifunga polepole ili usiondoke upesi, na uso sikuuinua kwa sababu nilidhani hivyo ndivyo ulivyotaka. Halafu nikamfunga yule mama wa mkoba mwekundu. Alinishukuru.

Sina la kukusamehe ambalo mimi sikulianza.

Chumba bado tunalala wanne. Kuna mtunza bustani ana kibanda cha zana, kina dirisha, nimemwomba, hajajibu. Sikuahidi kitu. Jumamosi sikuomba ruhusa. Nitakuwepo tangu saa tatu.

Ukiniita nitaitika.

Mumeo,
mfunga vifuko